Mtu Asiye na Chipu

Robert Foster amefika kwenye lango la Union City, na lango halimtambui. Anamtafuta mtoto, Milo, aliyenyakuliwa kijijini jangwani na kupelekwa ndani ya jiji hilo. Ukuta uko mbele yake, mashine zinataka kujua yeye ni nani, na jibu lolote atakalotoa kwa mdomo halina thamani. Jijini humo mtu hajulikani kwa jina, wala kwa sura, wala kwa jamaa zake. Hujulikana kwa chipu aliyowekewa mwilini. Foster hana. Kilichopo ni maiti ya mtu aitwaye Graham Grundy, ambaye chipu yake bado inafanya kazi. Foster anaichukua, milango inamfungukia, na mashine zinamlaki kwa jina la marehemu. Huo ndio mwanzo wa Beyond a Steel Sky, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Revolution Software ya Uingereza, na msomaji wa Kilifi au Malindi asiusome mwanzo huo kama ndoto ya Wazungu kuhusu karne zijazo. Mchezo huu, ulioufufua mchezo mkongwe wa mwaka 1994, unatupa namna ya kulifikiria jambo ambalo limekwisha kutufikia Pwani: mashine ikipewa kazi ya kuamua nani ahesabiwe na kwa kiwango gani, mwananchi ana haki ya kuziona kanuni zake, kuzisoma na kuzihoji. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuitetea hapa.

Mchezo wa zamani uliitwa Beneath a Steel Sky. Ulibuniwa na Charles Cecil na wenzake, na mandhari yake yakachorwa na Dave Gibbons, mchoraji wa Watchmen, hadithi ya vibonzo iliyomtia katika orodha ya wachoraji wakubwa wa zama zake. Humo Foster ni mtoto aliyenusurika ajali ya helikopta, akalelewa na watu wa jangwa la Australia, hadi siku askari wanapokuja, wanakiangamiza kijiji na kumchukua yeye mjini. Jiji lenyewe limepangwa kinyume na tunavyotarajia: wenye nacho wanaishi chini kabisa, penye bustani na hewa safi, na wanyonge wanaishi juu, katikati ya viwanda na moshi. Juu ya wote inatawala kompyuta kuu, LINC, isiyojificha kwamba ni dhalimu. Foster ana rafiki mmoja, roboti aitwaye Joey, ambaye nafsi yake yote imo katika kibao kidogo cha saketi kinachoweza kuchomolewa katika mwili mmoja wa chuma na kuchomekwa katika mwingine. Hadithi inapokwisha, LINC imeanguka na Joey ameachiwa jiji.

Wanaofufua kazi za zamani mara nyingi huishia kuzipaka rangi. Picha huboreshwa, sauti husafishwa, na swali lililokuwa ndani hubaki vilevile hata kama dunia imelipita. Cecil na Gibbons walirudi baada ya miaka 26 na wakaligeuza swali lenyewe. Ndani ya hadithi imepita miaka kumi, na Joey alikuwa ameachiwa agizo moja tu: wafanye watu wawe na furaha. Kwa hiyo Union City mpya inang'aa. Watu wanatabasamu, wizara zina majina matamu, na mkazi mwema hujikusanyia alama ziitwazo Qdos, ambazo humpandisha hadhi na kumfungulia milango. Aliyetisha ameondoka, na nafasi yake imechukuliwa na mfumo unaosema unakutakia mema. Huu ndio ufufuo ninaouheshimu, kwa sababu mwaka 1994 ilikuwa rahisi kumwogopa dikteta wa chuma, na sasa tunachopaswa kukitazama kwa makini ni ule mkono laini unaotupa alama bila kutuambia umezipataje.

Fasihi ya aina hii huitwa saibapanki: hadithi za wakati ujao ambamo teknolojia imepaa na maisha ya mtu wa kawaida yamebanwa. Lakini kinachoupa mchezo huu nguvu ni umbo lake zaidi ya mandhari yake. Ni mchezo wa mafumbo. Hakuna bunduki ya kumaliza matatizo. Mchezaji huongea na watu, huchunguza vitu, hukumbuka alichosikia, kisha hufikiri. Pwani haihitaji kufundishwa ladha hiyo. Watoto wetu wamekaa jioni wakitegeana vitendawili, na anayeshindwa hudaiwa mji. Aliyetega akishapewa mji wake ndipo hutoa jibu. Katika Beyond a Steel Sky mji wenyewe ndio kitendawili. Foster ana chombo kinachomwonyesha amri zilizomo ndani ya mashine zilizo karibu naye, zimeandikwa kwa hatua: kitambulisho kikikubalika, fungua, kikikataliwa, piga king'ora. Mchezaji anaweza kuichukua hatua moja na kuibadilisha na nyingine, au kuihamisha kutoka mashine hii hadi ile, hivi kwamba mlango ukafunguka kwa yule yule uliyekuwa umemkatalia. Kila fumbo linarudia jambo moja mpaka linakaa akilini: uamuzi wa mashine ni sentensi iliyoandikwa na mtu, na mtu mwingine angeweza kuiandika vinginevyo.

Sasa tulitazame lango la Kilifi. Katika kaunti hii na ile ya Kwale wapo Wapemba, wavuvi waliotoka kisiwa cha Pemba vizazi kadhaa vilivyopita, wakatia nanga huku, wakaoa, wakazaa, wakazika. Walikuwa majirani wa kila mtu na raia wa popote hawakuwa. Bila kitambulisho cha taifa, mvuvi hapati leseni kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, asiye na laini yake hana pia pochi yake. Akitaka kupokea malipo ya samaki aliovua mwenyewe, itambidi apitie jina la mwingine. Hiyo ndiyo hali ya Foster na chipu ya Grundy, isipokuwa hapa mwenye jina yu hai na anaweza kubadili nia. Wamakonde wa Kwale, waliokuwa katika hali hiyohiyo, walikuwa wametambuliwa mwaka 2016 baada ya kuandamana hadi Nairobi. Wapemba walisubiri hadi tarehe 28 Julai 2023, Rais William Ruto alipowatambua rasmi katika hafla iliyofanyika Kilifi. Zingatia mpangilio wa mambo: kadiri huduma zilivyohamia kwenye simu na kompyuta, ndivyo kukosa namba kulivyozidi kuwa adhabu. Babu aliyekosa karatasi katika miaka ya 1960 bado aliweza kuuza samaki wake kwa pesa taslimu. Mjukuu wake, katika soko linalolipa kwa simu, alifungiwa nje na mashine ambayo haikuwa na chuki naye hata chembe; ilikuwa tu haikuandikiwa sentensi yenye nafasi yake.

Kuingia ndani ya lango nako hakumalizi habari, kwa kuwa ndani kuna alama. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya hospitali ya zamani, kila kaya ya Kenya inatakiwa kuchangia asilimia 2.75 ya kipato chake, na kiasi cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwajiriwa hesabu ni nyepesi, mshahara unajulikana. Kwa asiyeajiriwa, mfumo humuuliza maswali kuhusu maisha yake, kama vile nyumba yake imejengwa kwa nini na ana mali gani, kisha hukadiria kipato na kumpa kiwango cha kulipa. Mfikirie mgema wa Kaloleni au mvuvi wa Mayungu. Mvuvi hupata kitu wakati wa kaskazi bahari inapotulia, na kusi ikivuma chombo chake hukaa mchangani kwa wiki nzima. Kipato chake hakina mwezi. Huenda paa lake ni la mabati kwa sababu mwanawe aliye Ghuba alituma pesa mara moja, miaka mitano iliyopita, na tangu hapo hakuna kilichotumwa. Jirani yake mwenye makuti huenda ana minazi mia moja inayozaa. Swali kuhusu paa lina maana kwa aliyelitunga, pengine lina maana kwa wastani wa nchi nzima, lakini mtu hatibiwi kwa wastani. Nasi hatuambiwi paa lina uzito gani katika hesabu hiyo kuliko choo, au choo kuliko ng'ombe. Tunapewa jumla.

Mikopo ya simu nayo huenda hivyo hivyo. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, na Fuliza ikafuata mwaka 2019, mamilioni ya Wakenya walipata mkopo bila dhamana wala mdhamini, na hilo ni jambo jema ambalo sitalidharau. Ila kila mmoja wao ana kikomo, kikomo hupanda na kushuka, na mama muuza viazi karai wa Malindi akiamka akakuta chake kimekatwa nusu, hana wa kumuuliza atakayemjibu kwa sababu. Kisha likaja jaribio la Worldcoin mwaka 2023, ambapo Wakenya walipanga foleni ndefu Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na kifaa mfano wa mpira wa chuma, wapate sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za miili zilizokusanywa zifutwe. Waliopanga foleni walielezwa kwa dhihaka kama watu wenye tamaa. Mimi naona walikuwa watu wenye njaa waliokutana na mashine isiyojieleza, na lawama nazielekeza kwa mashine na wamiliki wake.

Hapa kuna pingamizi zito, zito kuliko mengine yote, na halifai kupitwa juu juu. Atasema mtu: afadhali mashine. Kabla ya mashine palikuwa na karani aliyetaka chai, mzee wa mtaa aliyeandika majina ya wapwa zake kwenye orodha ya chakula cha msaada, ofisa aliyetazama jina lako la Kiislamu au kanzu yako na kukutaka ulete cheti cha babu. Mashine haina mpwa. Haya ni kweli, na mtu wa Pwani aliyewahi kuhangaikia kitambulisho anayajua kuliko mhubiri yeyote wa haki za kidijitali. Lakini tukumbuke kwamba karani mbaya alikuwa na uso. Angeweza kushtakiwa, kuaibishwa, kuhamishwa, na wakati mwingine kuonewa huruma akalegea. Mashine iliyofichwa haina lolote kati ya hayo, na upendeleo wa aliyeitunga huingia humo ukavaa vazi la hesabu. Haki ya mchezo wa bao haitokani na kwamba kete hazina ndugu. Inatokana na kwamba kete zote 64 ziko wazi mbele ya wachezaji wawili na watazamaji wote, na anayefungwa anaweza kuurudia mchezo kichwani akaona alikosea wapi. Ukificha mashimo ya upande mmoja, kete zikabaki zilezile, hilo si bao tena. Ninachodai, basi, si karani arudi. Ninadai mashimo yafunuliwe.

Sheria ya Kenya imekwisha kuukubali msingi huo. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya utendaji wa haki wa kiutawala, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapoelekea kumdhuru katika haki zake. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinasema mtu asifanyiwe uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake, ingawa kina mianya kadhaa. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, za utambulisho wa kidijitali, kwa sababu serikali haikuwa imefanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu kama sheria hiyo inavyotaka. Kwa hiyo sentensi zipo kwenye vitabu. Kinachopungua ni mazoea ya kuuliza. Mwananchi anayeamini kwamba kompyuta imesema, na kompyuta haikosei, hataomba sababu kwa maandishi hata kama Katiba imemwekea ibara nzima. Ndipo mchezo wa mafumbo unapokuwa na kazi. Humzoesha mtu kuitazama mashine kama kitu chenye utumbo, chenye hatua ya kwanza na ya pili, na chenye mahali ambapo mtu aliamua hivi badala ya vile. Siwezi kuahidi kwamba kijana atakayeumaliza ataandika barua kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data siku inayofuata. Nasema kwamba wazo hilo litamjia kwa urahisi zaidi kuliko litakavyomjia aliyezoea tu kubonyeza "nakubali".

Wazazi wengi wataguna: michezo ya kompyuta imetuharibia watoto, na simu zimejaa kamari. Wana haki ya kuogopa kamari. Ila kamari na fumbo ni vitu viwili vinavyokaa katika kifaa kimoja tu. Kamari inamtaka mchezaji asifikiri, na fumbo halisogei bila yeye kufikiri. Wengine watasema hadithi yenyewe ni ya kigeni. Nawakumbusha filamu ya Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya mwaka 2009: jamii iliyofungiwa ndani ya kuta baada ya vita vya maji, mwanamke ambaye ndoto zake hugunduliwa na mfumo, akaamriwa ameze dawa ya kuzizima. Ilitengenezwa miaka kumi na moja kabla ya Union City kuanza kutabasamu. Na kuhusu chuma chini ya anga, Malindi haina haja ya kuazima picha. Kule Ngomeni, katika ghuba ya Ungwana, yamesimama baharini majukwaa ya kituo cha anga cha Waitaliano, kilichorusha satelaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, iliruka kutoka hapo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza nyota zinazotoa miali ya eksrei, ikapewa jina la Uhuru. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu. Habari ilizokusanya zilisomwa kwingine, na malalamiko ya wenyeji kwamba kituo kimewaletea faida ndogo yamesikika kwa miaka mingi. Mtoto wa Ngomeni amekulia mbele ya mashine kubwa asizosomewa. Ni nani basi anastahili zaidi kuipokea hadithi ya aina hii?

Ugumu wa kuupata mchezo ni halisi. Ule wa 2020 unadai kifaa chenye nguvu na pesa, na hauna Kiswahili. Mkongwe, kwa bahati, uko wazi kwa wote. Ulipotoka kwa ajili ya kompyuta za Amiga ulijaa disketi 15, mzigo mkubwa kwa wakati ule, na leo unaingia kwenye simu ya bei nafuu. Mwaka 2003 wenye mchezo waliuachia ugawiwe bure, na watu wanaojitolea kuitunza ScummVM, programu inayoifanya michezo ya kale iendeshwe na vifaa vya sasa, wakauwezesha kuchezwa hata kwenye simu ya Android. Naamini ukarimu huo ndio ulioutunzia mchezo wachezaji wapya mpaka ikafaa kuufufua. Klabu ya kompyuta ya shule ya upili ya Malindi au Mtwapa inaweza kuanza nao bila gharama ya ununuzi, mwalimu akafasiri mazungumzo kwa mdomo, na darasa zima likabishana.

Wakibishana, natumaini wataona pia pale mchezo mpya unapopungukiwa. Ulitoka na kasoro za kiufundi zilizohitaji kusahihishwa baadaye, lakini hizo ni ndogo. Upungufu mkubwa ni kwamba Foster hutatua kila kitu peke yake, kwa werevu wake na kwa chipu ya kuiba. Wapemba wa Kilifi hawakuokolewa na mwerevu mmoja. Walifika hapo kwa maombi ya miaka, kwa wazee waliosimama kutoa ushahidi, kwa mashirika ya haki za binadamu na lile la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, kwa majirani waliokubali kusema mbele ya maofisa kwamba watu hawa tunawajua. Hilo ni fumbo gumu kuliko yote ya Union City, na bado halijatengenezewa mchezo. Nairobi kuna studio zinazojua kazi. Wesley Kirinya alitoa mchezo wa Adventures of Nyangi tangu mwaka 2007, wakati ambapo wengi hawakuamini Mkenya angeweza. Mchezo wa namna hiyo ungeanzia dikoni, alfajiri, mvuvi akiwa na samaki wake na mashine ya kupimia ikimjibu kwamba jina lake halipo. Angeweza kuzisoma amri zake zote, hatua kwa hatua, lakini mkono wake peke yake usingetosha kuibadilisha hata moja. Ili iandikwe upya, angehitaji kukusanya saini za watu ambao, kwa mujibu wa mfumo huohuo, nao hawapo.